Tumbo nimepasuliwa, goti linaniua: je, sindano ya maumivu ni salama?

Dada Mfamasia, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 49, nauza vitenge na madera Kariakoo. Februari 2023 nilikwenda India kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata tumbo na kuliunganisha na utumbo, wenyewe wanauita baipasi. Niliondoka na kilo 127, leo nina 80. Sukari imeshuka, presha nakunywa kidonge kimoja badala ya vitatu, na ngazi za kwenda stoo napanda mwenyewe bila kupumzika. Sijutii hata siku moja.

Shida ni goti la kulia. Lilianza kuniuma enzi za unene, likatulia nilipopungua, sasa limerudi kwa sababu nashinda nimesimama dukani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka magharibi. Zamani nilikuwa nameza diklofenaki kama karanga. Kule India waliniambia habari ya dawa za maumivu, lakini nesi aliongea haraka na Kiingereza changu si cha hospitali. Kwenye karatasi ya ruhusa kuna mstari mmoja unaosema niepuke NSAID. Nilidhani ni jina la dawa moja, na kwa kuwa sijawahi kuiona dukani, nikaendelea na maisha.

Wiki mbili zilizopita goti lilivimba. Nikaenda duka la dawa la mtaani, nikamweleza kijana kwamba tumbo langu limepasuliwa. Alikuwa mstaarabu, akanisikiliza, akasema: "Basi mama, vidonge tuache, nikuchome sindano. Sindano haipiti tumboni." Akanichoma diklofenaki siku hiyo, kesho yake na keshokutwa yake. Goti likapoa, nikamshukuru sana. Lakini tangu siku ya nne nasikia moto kwenye chembe ya moyo, zaidi nikishakula, na usiku unaniamsha. Choo ni cheusi, ila mimi nakunywa vidonge vya kuongeza damu kila siku, kwa hiyo kimekuwa hivyo tangu zamani, sikutilia maanani.

Sasa goti limerudi kuuma. Panadol nameza mbili, wapi. Jirani yangu wa fremu ya pili kanipa tramadoli alizobakiza mumewe alipovunjika mkono. Shemeji anasema nimeze diklofenaki pamoja na omeprazoli, eti omeprazoli inalinda tumbo. Na mwezi ujao ni sherehe ya kumuaga binti yangu, siwezi kuwa mama wa shughuli nimekaa kwenye kiti.

Niambie ukweli, dada. Ninywe nini?

Mama Zuhura, Dar es Salaam

*

Mama Zuhura, pole sana, na hongera kwa hizo kilo 47. Goti lako nitalifikia, lakini barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimekwama pale kwenye chembe ya moyo. Tuanzie hapo.

Kesho asubuhi duka mwachie mtu, uende hospitali kubwa yenye kipimo cha kamera ya tumbo, yaani endoskopi. Mtu aliyefanyiwa baipasi, akachomwa diklofenaki siku tatu, kisha akapata moto chini ya kifua na choo cheusi, anahesabiwa ana kidonda kwenye mshono mpaka kamera iseme vingine. Ni kweli vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi. Kwa kawaida weusi huo huwa na ukijani ndani yake, choo kimeshikana, na harufu ni ile ya siku zote. Choo chenye damu iliyotoka juu huwa kama lami: kinang'aa, kinanata hata ukimwaga maji, na kina harufu nzito ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Hata hivyo usijipime kwa macho. Waambie wakupime wingi wa damu siku hiyo hiyo, maana hapo hakuna kubahatisha.

Na ikitokea kabla ya kesho umetapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, ukiinuka unaona kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, au tumbo limekukamata ghafla likakakamaa kama ubao, hapo usingoje kupambazuke. Amsha watu, tafuteni gari. Kidonda cha mshono kinaweza kutoboka, na kikitoboka kinachotakiwa ni chumba cha upasuaji.

Sasa hiyo sindano. Kauli ya "sindano haipiti tumboni" nimeisikia miaka yote niliyosimama kaunta, hata kutoka kwa waliovaa makoti meupe. Kijana yule alitaka kukusaidia, naamini. Lakini madhara makubwa ya dawa hizi hayatokani na kidonge kugusa tumbo. Ukuta wa tumbo hujilinda kwa utando wa ute unaozuia tindikali isiuunguze, na kazi hiyo inaendeshwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Kemikali za aina hiyo hiyo ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu kwenye goti lako. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini na ndugu zake hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usizitengeneze, na mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake kwa kazi yao juu ya kemikali hizi. Kwa hiyo dawa inapolipoza goti, saa hiyo hiyo inalivua tumbo nguo. Inafika huko kwa damu. Umeze, uchomwe kwenye paja au nyonga, uiweke kwa njia ya haja kubwa, ule ushibe kwanza, damu ni ile ile moja.

Halafu wewe si sawa na shemeji yako. Kifuko ulichobakiziwa huwa kinatengenezwa kiingie kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Kimeshonewa moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, na utumbo huo haukuumbwa kukutana na tindikali kwa karibu hivyo. Pale kwenye ungio ndipo kidonda kinapoota. Ungio hilo halikomai likarudi kuwa tumbo la kawaida, hata ikipita miaka kumi, kwa hiyo zuio hili ni la maisha. Kama unavuta sigara au shisha, au unatumia ugoro, nieleze na mimi, lakini zaidi mweleze daktari, kwa sababu tumbaku huleta kidonda hicho hicho mahali hapo hapo. Mwombe pia akupime bakteria wa vidonda vya tumbo.

NSAID si dawa moja, ni ukoo wa dawa za maumivu na uvimbe. Diklofenaki yumo, ibuprofeni yumo, aspirini, naproksini, meloksikamu, piroksikamu, indometasini, ketoprofeni, aseklofenaki, ketorolaki na asidi ya mefenamiki ambayo akina dada wengi hunywa wakiwa kwenye siku zao. Selekoksibu ni mpole zaidi kwa tumbo kuliko wenzake, lakini ni wa ukoo huo huo, na kwa mtu kama wewe haamuliwi kaunta. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari wa Marekani wanaoshughulika na upasuaji huu, uliotolewa upya 2019, unasema dawa hizi ziepukwe kabisa ikiwezekana, na mgonjwa atafutiwe dawa mbadala kabla hata hajapasuliwa. Mbadala huo ulistahili kuelezwa kwa lugha unayoielewa, ukiwa umekaa, si mstari mmoja kwenye karatasi. Inaniuma kwamba hukuelezwa.

Tatizo jingine ni majina. Kwenye boksi, jina la kampuni huandikwa kubwa na dawa yenyewe huandikwa kwa herufi ndogo chini yake. Voltaren ndani yake ni diklofenaki. Brufen ni ibuprofeni. Diclopar ni diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja, na nimewahi kumwona mama akiinunua akiamini ni "Panadol kali". Zipo pia dawa za kichwa za bei ndogo, za kuuzwa kimoja kimoja, ambazo ndani zina aspirini. Ukipewa vidonge vilivyokatwa vikawekwa kwenye bahasha ya karatasi bila jina, virudishe. Mwambie akuonyeshe boksi, geuza, soma maandishi madogo. Ukiwa na haya ya kuuliza, mtume Zuhura.

Omeprazoli ya shemeji yako ina nusu ya ukweli. Inapunguza tindikali, na madaktari huitumia baada ya baipasi, pia kutibu kidonda cha mshono. Huenda ukaandikiwa baada ya kamera, tena wakakuambia uifungue kapsuli badala ya kuimeza nzima, kwa sababu chakula chako sasa kinapita haraka na kapsuli inaweza kushuka kabla haijafunguka. Lakini kuinywa ili upate ruhusa ya diklofenaki, hapana. Zaidi ya hayo una presha, na dawa za ukoo huu hupandisha presha na kuelemea figo. Hilo omeprazoli hailigusi.

Turudi kwenye swali lako: ninywe nini. Parasetamoli. Najua umeniambia haikusaidii, ila unainywa goti likishawaka, mara moja, kisha unakata tamaa. Maumivu ya kila siku dawa huyatangulia. Ukishaonwa hospitali na ini lako likiwa salama, unaweza kunywa vidonge viwili vya miligramu 500 saa kumi na mbili asubuhi, viwili saa nane mchana, viwili saa nne usiku, kwa wiki moja au mbili mfululizo, kisha uangalie na daktari. Hivyo ni vidonge sita, gramu 3 kwa siku. Kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni vidonge vinane kwa saa 24, lakini kwa matumizi ya siku nyingi sitaki ufike huko. Hesabu na ile iliyojificha kwenye dawa za mafua. Mwenye ugonjwa wa ini, anayekunywa pombe, au aliye chini ya kilo 50, apangiwe kiwango chake na daktari. Ile ya kuyeyusha kwenye maji iache, ina sodiamu nyingi na wewe una presha.

Jeli ya diklofenaki ya kupaka ni habari tofauti kidogo. Ikipakwa kwenye goti kwa kipimo chake, kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 ya kile kinachoingia kwa kidonge, ndiyo maana madaktari wengine huiruhusu kwa muda mfupi. Wewe usiiguse mpaka kamera iseme mshono uko salama, kisha uliza. Dawa za kuchua zenye harufu kali ya mnanaa nyingi zina salisileti, ndugu wa aspirini. Kidogo kwenye goti si neno, lakini usijipake mwili mzima kisha ukajifunika blanketi.

Tramadoli za jirani mrudishie. Si kwamba haifai kabisa. Baada ya upasuaji kama wako daktari anaweza kuiandika kwa siku chache, kwa sababu haimo kwenye ule ukoo. Lakini inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, inafunga choo, inaweza kushusha sukari, na ina uraibu. Ikikutana na baadhi ya dawa za sonona inaweza kuleta degedege. Waliofanyiwa baipasi wana hatari zaidi ya kunasa kwenye vileo, na ninaona busara kuwa na hadhari hiyo hiyo hapa. Kama ni ile ya kutoka taratibu kwa saa nyingi, hiyo ndiyo kabisa, utumbo wako umefupishwa njia na haijulikani utaipata kiasi gani.

Na zile kapsuli za "viungo" zinazotangazwa kuwa ni mitishamba mitupu naomba usizikaribie. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya juu ya bidhaa ya viungo iitwayo Artri King baada ya kuikuta na diklofenaki na deksamethasoni (dawa kali ya jamii ya steroidi) ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Mtu anakimbia diklofenaki mlangoni, inaingilia dirishani. Tangawizi na manjano za jikoni kwako endelea nazo kwenye chakula, hazina neno.

Goti lenyewe lahitaji zaidi ya dawa. Omba barua ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Wakati unangoja, kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu wa kulia mbele mpaka paja likaze, hesabu hadi kumi, shusha polepole. Rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Paja likiwa na nguvu, goti linapata wa kulishika. Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto kama limekakamaa, na likivimba tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Ukishika fimbo, ishike mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti bovu. Watu wengi huishika upande ule ule na haiwasaidii. Weka stuli dukani, mteja akishindana bei na wewe mshindane umekaa. Yote haya yakishindwa, daktari wa mifupa anaweza kuchoma dawa ndani ya goti lenyewe. Ni uamuzi wake pamoja na aliyekupasua.

Waambie pia wakupime vitamini D na B12. Baada ya baipasi hupungua, na upungufu wa D huleta maumivu ya mifupa ambayo hakuna dawa ya maumivu itakayoyaondoa.

Wasomaji wengine msije mkadhani haya ni ya baipasi tu. Waliokatwa tumbo likabaki jembamba kama mkono wa shati hawana ule mshono wa utumbo, hatari yao ni ndogo zaidi, ila madaktari wengi bado huwazuia, kwa hiyo muulize aliyekupasua. Waliowekewa puto, huduma ambayo hapa kwetu imekuwa ikitolewa Hospitali ya Mloganzila, nao dawa hizi si zao maadamu puto limo tumboni. Aliye kwenye wiki za mwanzo na hawezi kumeza vidonge, asikimbilie parasetamoli ya maji ya watoto: ile ya miligramu 120 kwa kijiko cha mililita 5, ili upate gramu moja utakunywa vijiko zaidi ya vinane vya kitu kitamu, na sukari hiyo inaweza kukuletea jasho, mapigo ya moyo na kuharisha. Uliza kama kidonge cha kawaida kinaweza kusagwa. Na anayenywa aspirini ndogo ya moyo asiiache kwa kusoma safu hii. Aende kwa daktari wake wa moyo wapange.

Jambo moja zito. Kama maumivu ni ya tumbo lenyewe, yanakuja na kuondoka baada ya kula, yanakukunja, msiyafunike kwa dawa yoyote, hata parasetamoli. Mtu akipungua sana baada ya baipasi, utumbo unaweza kupenya kwenye mwanya ndani ya tumbo ukajinyonga, na mawe kwenye nyongo nayo huja kwa kupungua haraka. Huyo ni wa hospitali, na aanze kwa kusema "nimefanyiwa baipasi" kabla ya kusema lingine lolote.

Mama Zuhura, kata vipande viwili vya karatasi ngumu, uandike hivi, majina yabaki kama yalivyo kwenye maboksi: "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito (baipasi), Februari 2023. Nisipewe Diclofenac, Ibuprofen, Aspirin, Ketorolac, Meloxicam wala dawa yoyote ya NSAID, iwe kidonge, sindano au ya njia ya haja kubwa. Naweza kupewa Paracetamol." Weka namba ya Zuhura chini yake. Kimoja kikae kwenye pochi, kingine nyuma ya kava la simu, kwa sababu ukipata ajali ya bodaboda, sindano ya diklofenaki au ketorolaki ndiyo ya kwanza kushikwa, na wewe huenda huwezi kusema.

Siku ya sherehe, kama hospitali wamesema sawa, vidonge vyako viwili vya mchana vinywe saa moja kabla ya kutoka, vaa viatu vya chini, na MC aambiwe mapema mama wa bibi harusi mtarajiwa atasalimia wageni akiwa amekaa. Hakuna atakayekulaumu.

Kesho ukienda, beba ile karatasi ya ruhusa ya India, hata kama imekunjika, na boksi la vidonge vya kuongeza damu. Kama bado una kichupa cha ile sindano, kibebe pia. Halafu niandikie kamera imeona nini.